Pai ya Kifini kwa Ajili ya Jogoo

Jirani yetu Tapani hakuwahi kulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu anayepiga kelele namwelewa. Anakupigia, unampigia, mkichoka mnaulizana habari za watoto. Tapani hakuwa hivyo. Alfajiri jogoo wangu akiwika, yeye alitoka na kaptura, akasimama upande wake wa ukuta, akamtazama jogoo bila kusema neno, kisha akarudi ndani. Kesho yake hivyo hivyo. Ni mrefu mno, kwa hiyo kichwa chake kilikaa juu ya ukuta kama tangi la maji lililosahauliwa na mafundi.

Tapani ni Mfini, mhandisi wa maji. Ujana wake aliumalizia Lindi akichimba visima, na Kiswahili alikipata huko. Anakijua vizuri, ila hakitumii. Amekiweka kama watu wanavyoweka sahani za wageni kabatini.

Jogoo wangu anaitwa Kanali. Nilimpata akiwa kifaranga wa mguu mmoja kombo, nikamlisha kwa mkono mpaka akasimama. Nina duka la matairi Mawaleh, hapa Maskati. Kutwa nashinda na watu wanaoapa kwamba tairi limepasuka lenyewe, limekaa tu. Nikirudi nyumbani, kiumbe pekee anayenikimbilia getini ni Kanali. Mke wangu hanikimbilii. Ananiuliza kama nimeleta maziwa.

Lakini mtaani kwetu Hail si mahali pa kufugia kuku siku hizi. Simu moja tu kwa watu wa manispaa, Kanali amekwisha. Nilijua hilo, na kila nilipokiona kile kichwa juu ya ukuta nilihisi nacho kinajua.

Nikawaweka watu wa nyumbani chini tuzungumze.

"Mimi niko upande wa Mfini," akasema mke wangu Shariffa.

"Wewe ni mke wangu."

"Mke wako hajalala tangu huyo kuku aingie humu ndani."

"Jogoo."

"Hata akiwa jemadari, Baba Aya. Ni kuku."

Aya ni binti yetu, kaolewa Sohar. Alipoondoka yeye nyumba ikawa kimya, na kimya hicho ndicho Kanali alichokuja kukijaza. Shariffa anasema alikijaza mpaka kikamwagika.

Mama yangu, Bi Mahfoudha, aliyezaliwa Unguja na akaja huku na kitoto chake mgongoni, yaani mimi, yeye alikuwa upande wangu. "Jogoo haendi popote," akasema. "Ndiye aniamshaye mie kabla ya adhana."

"Mama, simu yako inaadhini," Shariffa akamwambia.

"Simu haina roho. Nkiizima haininunii."

Aliyeleta ufumbuzi ni Theodora, msichana wa Mbeya anayetusaidia kazi za nyumba. Theodora ana rafiki Mganda, Nankya, anayesafisha kwa Tapani, na wawili hao hupeana habari za nyumba zote mbili wakati wa kutoa taka.

"Baba, ukitaka kumlainisha yule mzee mpe pai ya kwao," akasema. "Ile ya matunda meusi madogo. Nankya anasema juzi alimwonyesha picha yake kwenye simu, halafu akanyamaza."

"Huyo si ananyamaza siku zote?"

"Hapo alinyamaza zaidi."

Nikafikiri. Mtu aliyekula pai ya kwao nyumbani kwako, iliyopikwa kwa mikono yako, atakuwa na uso gani wa kwenda kumshtaki jogoo wako? Hata Mfini ana haya. Nikamgeukia mke wangu.

"Usinitazame," akasema Shariffa. "Jogoo wako, pai yako. Jiko unalijua liliko? Ni pale taa inapowaka."

Basi nikapika mimi.

Matunda niliyapata dukani, yale yanayoitwa bluberi, kwenye vijisanduku vya plastiki, yamepangwa kama vito. Namna ya kupika tuliitafuta kwenye simu. Theodora akapata video ya bibi mmoja wa Kifini jikoni kwake. Yule bibi tangu mwanzo hadi mwisho hakusema kitu. Hata muziki hakuweka. Alichanganya, akamimina, akachoma, huku nyuma yake dirishani theluji ikianguka. Mwisho kabisa alitazama kamera akasema neno moja. Theodora akasema labda ni "tayari." Mimi nikasema labda ni "ondokeni."

Unga, siagi, sukari, yai, beking pauda. Hapo juu matunda, na juu yake mtindi mzito, huku tunatumia labneh. Si jambo la kumtoa mtu jasho. Lakini nilipomwona yule bibi anauminyaminya unga kwa ncha za vidole, kidogo tu, kisha anaubandika kwenye trei, nikajua ni uzee. Mikono haina nguvu tena. Mimi nina nguvu. Nikaukanda ule unga kama unga wa chapati. Nikaupiga juu ya meza, nikaukunja, nikaupiga tena. Theodora alisimama pembeni ananitia moyo.

"Kanda, baba. Mkate usiokandwa haukui."

"Huu si mkate, ni pai."

"Basi kanda polepole."

Sikukanda polepole. Tulipoutoa ndani ya oveni nikaugonga kwa kijiko, ukalia kama bati. Theodora akaugonga naye, labda kijiko changu kilikuwa kibovu. Ukalia.

"Baba," akasema, "huu tukiupeleka Mawaleh unapata gari la kuuvaa."

Mama akataka kuonja kwa sababu chakula hakitupwi. Akauma pembeni. Akakaa kidogo, akatoa meno yake ya bandia, akayakagua moja moja, akayarudisha. "Mzuri," akasema, "ila mie nshashiba." Shariffa akaupiga picha akawatumia dada zake, na mpaka leo wakinipigia simu wanaanza kwa kuuliza habari za upepo wa tairi.

Siku ya pili nikamtii yule bibi. Ncha za vidole. Siagi na sukari kwanza, yai, kisha unga kidogo kidogo, nikaacha mara tu vilipoelewana. Nikaubandika kwenye trei na kupandisha kingo. Nilipendeza. Kama si watu kuniangalia ningejipiga picha. Bluberi nilikwishaziosha, nikaziweka kwenye chujio juu ya meza ya uani zikauke, karibu na mlango wa jiko.

Nikasikia kelele ndogo ya plastiki.

Kanali alikuwa amesimama ndani ya chujio. Si kando yake, ndani yake, miguu miwili, kama mtu aliyeingia bafuni. Zaidi ya nusu zilikuwa zimeshapita kooni. Mdomo wake ulikuwa zambarau mpaka machoni, akanitazama bila aibu yoyote, akachagua nyingine kubwa, akaimeza.

"Mtu anahangaika kukuokoa roho yako," nikamwambia, "wewe unakula silaha."

Shariffa alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele. Alicheka mpaka sinia likamponyoka, na Kanali akatoka kwenye chujio akaenda kwenye mchele.

Duka lenyewe nililonunulia lilikuwa limebakiwa na vijisanduku hivyo hivyo nilivyochukua, vingine hakuna. Na Tapani nilikwishamwalika. Nilimwambia aje siku hiyo baada ya Alasiri. Akauliza, saa ngapi. Nikamwambia, baada ya Alasiri. Akauliza, saa ngapi. Nikamwambia kumi na nusu ili aniachie nipite.

Mama ndiye aliyenyanyuka. Akaenda kwenye friza yake, ile ambayo hatuna ruhusa ya kuifungua, akarudi na mfuko wa zambarau zilizoganda. Hununua kwa Wahindi msimu wake na kuzificha kama dhahabu.

"Tia hizi."

"Mama, hizi ni zambarau. Zina kokwa. Ufini hakuna zambarau."

"Nyeusi zile, nyeusi hizi. Tumboni hakuna anayeuliza pasipoti."

Nikakaa na Theodora tukatoa kokwa. Zambarau iliyoyeyuka inateleza, ukiibana inaruka. Moja ilimpiga Theodora kwenye shavu, nyingine ikagonga kalenda na kubaki hapo, juu ya sikukuu ya taifa. Tulipomaliza mikono yangu ilikuwa myeusi kwa buluu mpaka kwenye kifundo, na nikisugua inazidi. Nikazichanganya na bluberi zilizosalia, nikamimina labneh yenye yai na sukari juu yake, nikaenda kuswali. Niliporudi jiko zima lilinukia iliki.

"Nani ametia iliki?"

Mama alikuwa anavuta uradi kwa bidii ambayo si ya kawaida.

"Mama, yule bibi wa kwenye simu hakutia iliki."

"Maskini," akasema mama. "Labda hana watoto wa kumnunulia."

Ikaingia ovenini hivyo hivyo. Ikatoka imeiva, imetulia, kingo rangi ya dhahabu, na katikati kama lami iliyomwagwa jana ikapitiwa na punda. Lakini kilikuwa ni chakula. Ukiigonga hailii.

Mpango wetu ulikuwa huu, na aliyeupanga ni mimi. Mgeni ataanza na tende na kahawa, kama kawaida. Atakunywa, atapoa, tutazungumza habari za afya. Hapo ndipo pai itakapoingia, wakati ameshalegea, imalize kazi. Mtu mwenye pai ya kwao mdomoni hawezi kuanza habari za jogoo.

Saa kumi na nusu kamili mlango ukagongwa. Nilikuwa bado na fulana na msuli. Nani anakuja saa ileile aliyoambiwa? Nikakimbia kuvaa kanzu, Theodora akamfungulia, na nilipofika majlisi Tapani alishakaa, magoti yamemfika kidevuni, kwa sababu kwetu tunakaa chini na yeye ana miguu ya ngazi. Mama alikuwa kwenye kona yake na mto wake. Shariffa alisimama mlangoni, mahali anaposimama akitaka kuona kila kitu bila kuhudumia kitu.

"Karibu," nikasema.

"Asante."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Wazima wote huko Ufini?"

Akafikiri. "Sijui wote," akasema.

Akatazama mikono yangu. Nikaiingiza kwenye mikono ya kanzu.

Nikamimina kahawa kutoka kwenye dele, kidogo kama inavyotakiwa, nikampa finjani. Akapokea kwa mkono wa kulia, vizuri kabisa, akasema asante. Halafu akaiweka chini mbele yake. Hakunywa.

Nikangoja. Huenda ni ya moto. Nikamsogezea tende, akachukua moja, akala, akaweka kokwa pembeni kwa adabu. Finjani hakuigusa.

Sasa hapa lazima nieleze, asije mtu akaniona mjinga. Kwetu, mgeni aliyekuja na haja nzito hanywi kahawa. Anaiweka mbele yake na kunyamaza. Hasemi lolote, finjani ndiyo inayosema. Na mwenye nyumba mwenye heshima akiiona anamwambia, "Kunywa, umepewa," hata kabla hajajua anatoa nini. Kuna watu wamepata wake kwa njia hiyo. Wengine wamesamehewa damu. Na mwenye nyumba akiacha kahawa ya mgeni ipoe bila kumpa neno, hiyo ni aibu ambayo wajukuu zake watakumbushwa harusini.

Nikamtazama Tapani. Amekaa. Kahawa mbele yake. Kimya.

Nikasema moyoni, huyu kafundishwa. Kuna mtu ofisini kwao kamfundisha.

"Kahawa inapoa," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema.

"Ni nzuri sana."

"Naamini."

"Labda nikubadilishie nyingine ya moto."

"Hapana. Hii inatosha."

Na haikumsumbua hata kidogo, ndilo lililoniudhi. Mtu wa kawaida kimya kikizidi anakohoa, anasifu zulia. Tapani alikaa ndani ya kile kimya kama mtu aliye baharini na boya. Alichofanya ni kugeuza kichwa kidogo kuelekea jikoni, akavuta pumzi, akakirudisha. Jikoni pia kuna mlango wa uani, na uani ndiko aliko Kanali.

"Saeed," mama akaninong'oneza. Mama akinong'ona husikika mpaka barabarani. "Saeed, huyu mtu ana haja."

"Hana haja, mama. Ana kiungulia."

"Finjani huioni?"

"Naiona."

"Basi sema naye."

"Mama, hatujui anataka nini."

"Ndiyo adabu yenyewe, kutojua. Ukishajua inakuwa biashara."

Nikamwambia Tapani, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto anywe dawa, "Jirani yangu, onja hata tone. Kwa ajili yangu."

"Nasubiri," akasema Tapani.

Mama akajipiga paja. Kwake hiyo ilikuwa hati ya mahakama. Akajinyoosha, akaweka ushungi wake sawa, na kabla sijamfikia akasema kwa sauti kubwa, "Kunywa, mwanangu. Umepewa."

Hata Theodora jikoni aliacha kugongesha sahani.

"Nimepewa nini?" akauliza Tapani.

"Utakacho. Sema tu. Nnakupa mie, mwenye nyumba hii, na mwanangu yupo anasikia."

Mwanawe alikuwa anasikia. Mwanawe alikuwa anatamani kuwa kiziwi.

Mtu mwingine yeyote angesema hapana, asanteni, sina haja. Tapani aliulizwa swali, akalipa swali haki yake. Akafikiri kwa muda mrefu, akitazama dari. Mimi nilikuwa nasoma kila sura ninayoijua.

"Jogoo," akasema.

Mlangoni Shariffa akasema, polepole na kwa furaha ya kweli, "Mabruk."

"Khalas," akasema mama. "Ni wako." Kisha uso wake ukabadilika, kwa sababu ndipo alipokumbuka ni nani anayemwamsha. "Astaghfirullah," akasema. "Jogoo yupi?"

"Mmoja tu yupo, mama," nikamwambia. "Umemtoa mwenyewe."

Nikamgeukia Tapani. Sikuwa na pa kujificha tena. "Hongera," nikasema. "Umetushinda kwa mila yetu wenyewe. Nani kakufundisha kuacha kahawa?"

"Kuacha vipi?"

"Kutokunywa. Mpaka upewe."

Alionekana haelewi kabisa. "Nilikuwa nasubiri pai," akasema. "Msichana aliniambia mlangoni kuna pai ya kwetu. Kwetu kahawa inanywewa pamoja na pai. Ukimaliza kahawa kwanza, pai utaila na nini?"

"Kwa hiyo hukuja kwa ajili ya jogoo?"

"Hapana. Nilikuja kwa ajili ya pai. Lakini mmeniuliza."

Nilimwita Theodora. Akaja na trei, hakututazama machoni, akaiweka katikati na kurudi jikoni kwa mwendo wa mtu anayehama nchi.

Tapani akaitazama pai. Akainama akainusa. Akakata kipande, akakitia mdomoni, na ndipo, baada ya yote hayo, akainua ile finjani akanywa. Ilikuwa baridi kama maji ya bomba wakati wa baridi. Kulikuwa na mlio mdogo. Akatoa kokwa ya zambarau mdomoni, akaiweka pamoja na kokwa ya tende.

"Hii si pai ya kwetu," akasema.

"Najua."

"Kwetu haina mbegu."

"Ilinipita hiyo moja."

Akatafuna tena. Akatoa nyingine. "Mbili," akasema. Kisha akasogeza sahani. "Naomba kipande kingine."

Alikula vipande vinne. Ulimi wake, meno yake na ncha ya pua yake vilikuwa zambarau, na mama naye hivyo hivyo kwa sababu hakukubali mgeni ale peke yake. Kwa mara ya kwanza Tapani alizungumza bila kuulizwa. Akasema iliki mama yake anaitia, ila kidogo. Mama yangu akanitazama. Sikumtazama.

Mimi sikuweza kula. "Utamchinja lini?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Kanali. Nambie tu siku, nisiwepo."

"Simchinji," akasema Tapani. "Namtaka usiku tu. Asubuhi unamchukua."

Ikabidi aeleze, na kuelezwa na Tapani ni kama kuvuta maji kisimani kwa kijiko. Nyuma ya nyumba yake, ameegemeza kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala, amejenga sauna. Kijumba cha mbao cha kukaa na kutoka jasho. Hapa Maskati. Mtu ambaye angeweza kusimama tu barabarani mwezi wa sita akapata jasho la bure. Naye alisema hilo amekwisha kuligundua, hajaiwasha miaka miwili. Lakini ndani ni giza totoro, hakuna dirisha, na mbao ni nene. Alikuwa amesoma kwamba jogoo asipoona mwanga hawiki. Kila alfajiri aliposimama ukutani alikuwa anampima kwa macho, kama ataenea kwenye benchi.

"Siku zote hizo ulikuwa unampima?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ni jogoo wako," akasema. "Si adabu kumwomba mtu jogoo wake."

Mama akasema huyu ana malezi.

Nikaona mlango wa wokovu, lakini mimi si mtu wa kuingia mlango bila kuugonga. Sauna ni jiko. Kuku akiwekwa jikoni, hata jiko likiwa limezimwa, mwenye kuku ana haki ya kuuliza. Nikasema nimekubali, neno la mama yangu ni neno langu, ila usiku wa kwanza nalala naye humo ndani, nione kwa macho yangu.

Nilitegemea Shariffa atapinga. Hakupinga. "Mwacheni aende," akasema haraka sana. "Nitamtolea godoro."

Basi baada ya Isha nikachukua godoro langu na Kanali wangu kwapani, nikapita getini kwa Tapani. Kijumba kilinukia mbao safi. Kanali akapanda benchi la juu, akajizungusha, akatulia. Mimi nikalala benchi la chini. Tapani akafunga mlango. Giza lilikuwa kamili, baridi ya Januari inaingia kidogo tu, na nakumbuka nilisema moyoni, nitafumba macho kidogo huku nasikiliza.

Mlango ulipofunguliwa jua lilikuwa limepanda. Nilikuwa nimelala hata Alfajiri ikanipita, Mungu anisamehe, na sikukumbuka mara ya mwisho kulala hivyo ilikuwa lini. Kanali alikuwa juu ya benchi lake, mkavu, mzima, anajipanga manyoya. Akashuka, akatoka nje, akatazama jua lililochomoza bila ruhusa yake, akawika mara moja, bila moyo sana, akaanza kutafuta chawa wa mimea kwenye vyungu.

Tapani alisimama mlangoni na kaptura yake na kikombe kikubwa cha kahawa. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyevuka jangwa.

"Jogoo alinyamaza," akasema.

"Alhamdulillahi. Unaona?"

"Wewe hukunyamaza."

Nikadhani sikusikia. "Mimi nilikuwa nimelala."

"Ndiyo. Nilisikia. Mbao si nene kama nilivyofikiri." Akanywa kahawa. "Jogoo aje kila siku. Wewe usije."

Upande wa pili wa ukuta Shariffa alikuwa anaanika nguo, naye anaimba. Mke wangu haimbi asubuhi. Akasimama juu ya ngazi fupi ya kamba za nguo, uso wake ukatokea juu ya ukuta, umepumzika, kama mtu aliyerudi likizo.

"Nimelala, Baba Aya," akasema. "Nimelala usiku mzima mpaka mama kaniamsha kwa fimbo. Kumbe muda wote huu nilikuwa namsingizia kuku wa watu."

"Jogoo," nikasema.

Yeye alikuwa anamtazama Tapani, na Tapani, maskini, hakujua bado anachokaribia kuombwa.

"Jirani," akasema Shariffa, "hicho kijumba chako, kwani hakiwezi kuchukua wawili kila siku?"

"Hapana," akasema Tapani. Hata hakufikiri.